Mke Mwenzangu Kafunguliwa, Mimi Nimefungiwa

"Ukurasa haupo."

Wanangu, maneno hayo kwenye simu yangu yalinikata maini!

Saa sita ikifika sijajibu, oda yangu ya mikeka sita ya harusi inahamia kwa msukaji mwingine.

Na huyo mwingine ni nani? Zuhura. Mke mwenzangu! Mume wetu Mzee Pazi tulishamzika, ila wivu hatukuuzika naye...

Mfumo wa oda wa kikundi chetu hapa Kivinje kautengeneza mjukuu wangu, Mwanaheri. Damu yangu!

Nikachungulia uani. Zuhura anabonyeza simu, anatabasamu.

"Kwako inafunguka?"

"Inateleza kama mlenda, dada!"

Nikampigia Mwanaheri.

"Shikamoo, Bibi."

"Sitaki shikamoo yako! Zuhura umemfungulia, mimi umenifungia!"

"Kwani unaingilia wapi?"

"Kwenye daftari. Nimenakili anwani ya kila ukurasa, herufi kwa herufi."

Akaangua kicheko.

"Bibi, hapo umefeli! Jana nimezihamisha kurasa. Anwani ya kushika ni moja tu, ya mlangoni. Ukishaingia, kila ukurasa unakuonyesha vitufe vya unachoweza kufanya hapo. Hata nikihamisha vyumba vyote, utafika. Kwani ukienda kwa watu unaingia moja kwa moja chumbani?"

"Astaghfirullah! Napiga hodi, naambiwa pita huku."

"Basi ndivyo."

Nikaingilia mlangoni. Saa sita na dakika kumi!

"Mikeka sita. Umeshikiwa na mwenzako." Chini, vitufe viwili: Kubali. Kataa.

Nikabonyeza Kubali, nikatoka mbio uani.

"Zuhura! Oda yangu umeishika wewe?"

"Saa sita ililetwa kwangu. Nikaona 'Chukua' na 'Mshikie mwenzako'. Nikabonyeza cha pili."

"Kitufe hicho mbona sijawahi kukiona?"

Akainama, akaendelea kuchambua ukindu.

"Kimewekwa jana. Nilimwomba Mwanaheri. Nilikuona unavyohangaika na daftari, nikajua iko siku utachelewa. Akasema ili akiweke, lazima apange kurasa upya."

Kumbe kilichonifungia nje ni wema niliofanyiwa!

Nikaketi kando yake, nikavuta ukindu. Mikeka ile tuliisuka wawili.

Wanangu, wivu nao una daftari lake. Miaka thelathini nilikuwa namtafuta Zuhura pale pale nilipomwandika siku ya kwanza... kumbe mwenzangu alishahama zamani!