"Tusamehe, Baba"

"Tusamehe, baba," Ritha alisema bila kuinua macho, mkasi ukitembea kwenye kitenge. Ndivyo tunavyomfukuza ombaomba kwa adabu.

"Nimekusamehe, Ritha."

Mkasi ukasimama.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo ombaomba hupita maduka ya Kariakoo. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye ndevu chafu, miguu peku. Sura hakuijua. Sauti aliijua.

"Bakili? Si uko Nachingwea kwa mama yako?"

"Sikwenda. Nalala barazani hapo ng'ambo, na Bibi Sofia na wenzake."

"Umefukuzwa ualimu?"

"Niko likizo. Nimejipa mwezi mzima niishi kwa kuomba tu, kisha nisimame mbele za watu niseme nilichokiona. Mnawaruka hawa kama dimbwi, Ritha. Hata wewe."

"Na harusi yetu?"

"Ipo palepale."

"Ipo wapi? Mchumba wangu ananiomba shilingi kazini kwangu!"

Mzee Tulsidas, mwenye duka, akakohoa nyuma ya kaunta.

"Ritha, mpe chake aende! Ombaomba gani huyu anaongea kama mteja wa jumla?"

Ritha akampa. Alitaka aondoke upesi.

Maana alijua kuhusu lori la kuzoa ombaomba. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalifurika sabuni za kila rangi, na sisi tuliopigania kipande kwenye foleni tukashangilia. Kisha viwanda vikafungwa, na waliosokota nyuzi wakaanza kulala nje ya maduka hayohayo. Wakubwa wakapata dawa: kuwabeba maskini usiku au mchana, kuwamwaga porini, mji uonekane umetajirika. Wengine hawakurudi.

Alasiri simu ya duka ikalia. Alikuwa Celina, rafiki yake, mfagizi wa ofisi moja ya wakubwa.

"Shoga, usipige kelele. Lori linapita mtaani kwenu leo hii. Nimewasikia wakicheka."

Ritha aliacha simu inaning'inia, akavuka mbio hadi barazani ng'ambo.

"Bakili, kimbia!"

"Bibi Sofia miguu imevimba, hawezi."

"Mwache!"

"Nimwache vipi? Jana kanigawia mkate wake."

Lori likafunga breki. Mgambo wakaruka na virungu. Mmoja akamkaba Bakili shingo.

"Huyo si ombaomba!" Ritha akapiga yowe. "Ni mwalimu! Ni mchumba wangu!"

"Ticha? Mbona husemi? Haya, toka hapa."

Akamwachia, akamdaka Bibi Sofia. Kandambili moja ikabaki barazani. Bibi akamtazama Ritha.

"Na mimi, mwanangu? Niseme mimi ni nani?"

Neno la kila Ijumaa likampanda Ritha kooni. Akalimeza.

"Mwache! Huyo mama mkwe wangu!"

"Mama wa mwalimu anaomba?"

"Kwani mshahara wa mwalimu huujui?"

Mgambo akamgeukia Tulsidas, aliyekuwa ameanza kuteremsha mlango wa chuma.

"Mzee, unamjua huyu bibi?"

"Kila Ijumaa anakuja."

"Kuomba?"

Tulsidas akalitazama lori, akatazama kirungu.

"Kumwona mkwe wake."

Mgambo akatema mate, akamsukuma bibi arudi barazani. Lori likaondoka na wenzake waliokwisha kupakiwa. Bakili alilikimbilia akiita majina yao mpaka likapinda kona.

Ritha alipiga magoti, akamvisha bibi kandambili.

"Nisamehe, mama."

"Neno lako hilo nimelisikia miezi yote. Leo ndipo umenitazama."

Walioana. Siku ya harusi Bibi Sofia alikaa kwenye mkeka wa mama wa bwana harusi, bega kwa bega na mama aliyetoka Nachingwea. Bwana harusi alipoitwa kushukuru, alizima muziki, akataja majina ya waliobebwa: Rajabu, Awadhi, Mama Dula. Wageni waliinama. Ritha akamshika mkono.

"Endelea," alisema. "Bado hujawamaliza."