Mchanga Ndani ya Ndoo

Kila Jumamosi asubuhi Pilipili na mdogo wake waliosha magari kwenye karakana ya baba yao, fundi wa kupaka magari rangi. Jina hilo la utani msichana alilipata kwa hasira zake za karibu. Siku hiyo alikuwa amenuna tangu alipoamka, maana wenzake walikuwa wanacheza mpira na yeye yupo na matambara.

Gari la siku hiyo lilikuwa jeusi, limepakwa rangi upya na kukaa mpaka likakauka vizuri. Mwenye gari angekuja kulichukua mchana. Baba alirudia maagizo yake ya siku zote: ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na brashi ngumu ni ya matairi tu, isiguse bodi. Kisha akaingia ndani.

Bomba lilikuwa mbali. Pilipili aliona ndoo mbili ni kujitesa bure, akateka moja. Kitambaa kilipomponyoka kikaanguka chini, alikiokota, akakichovya humo humo na kuendelea kusugua boneti kwa hasira. Maji yalipokauka, boneti nzima ilikuwa na mikwaruzo.

Alipandwa na mori. Alimgeukia mdogo wake aliyekuwa amechuchumaa na brashi mkononi, akamfokea kwamba ameharibu kazi ya watu, akamnyang'anya brashi na kuitupa mbali. Mtoto alilia, akiapa kuwa hakugusa kitu zaidi ya matairi.

Baba alitoka. Alipoiona boneti, uso ulimbadilika.

"Nani kafanya hivi?"

"Huyu hapa, baba, na brashi yake."

Baba aliinama kuitazama mikwaruzo. Ilikuwa ya duara, jinsi mkono unavyozungusha kitambaa. Akatumbukiza mkono hadi chini ya ndoo, akautoa na konzi ya mchanga, akakifumbua kiganja mbele ya binti yake.

"Ndoo ya pili iko wapi?"

Pilipili alikosa pa kuuficha uso. Akakiri yote.

Baba alimpigia simu mwenye gari, akamweleza ukweli kwamba halitakuwa tayari. Yule bwana alifoka hata Pilipili akamsikia, na baba akawa anaomba radhi tu. Aibu ilimwingia msichana mpaka mifupani. Mchana kutwa yeye na baba walipiga msasa laini na kung'arisha boneti upya, mabega yakimuuma.

Boneti ilipong'aa, baba bado alikuwa amekunja ndita.

"Kitambaa laini kikibeba mchanga kinakuwa msasa, ndiyo maana nasema ndoo mbili," alisema. "Lakini hilo tumeshalitengeneza. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba uliharibu wewe, ukamtupia lawama asiye na kosa. Hapo mimi siwezi kukusaidia, mwanangu. Nenda ukamwombe msamaha mwenyewe."

Pilipili alimkuta mdogo wake nyuma ya nyumba, macho yamemvimba.

"Ni mimi niliyeharibu, si wewe. Nisamehe."

Mtoto alimtazama kwa hasira, kisha akaitikia kwamba amemsamehe.