Nafasi ya Tatu Kibaoni

Kila Jumamosi asubuhi Raudha alifagia mazizi ya kobe wa mjomba wake, akabadilisha maji, kisha akagawa majani. Mjomba Hemedy alikuwa na kibali cha kufuga kobe hapo Marambo. Jumamosi hiyo alikwenda Ruangwa, akamwachia Raudha kazi yote. Amri, jirani yao, alikuja kumsaidia.

Jambo moja lilimsumbua Raudha. Kila zizi lilikuwa na kibao kilichoandikwa kwa chaki: 1.3.0, 1.0.0 na 0.0.6.

"Hayo ni mabao," alisema Amri. "Hawa wa mwisho wamefungwa sita bila."

"Mechi ya timu tatu? Acha utani wako!"

Raudha aliwahesabu kobe. Zizi la kwanza lilikuwa na wanne, la pili mmoja, la tatu watoto sita. Alijumlisha tarakimu za kila kibao, na hesabu ikakubali.

"Ni idadi tu!" alishangilia.

"Kama ni idadi, kwa nini asiandike nne akamaliza?"

Raudha alikuwa akimtazama kobe wa zizi la pili, akamwonea huruma kwa upweke wake. Akambeba na kumtia pamoja na wale wanne. Kwa kuwa sasa walikuwa watano, alirekebisha kibao chao akaandika 1.3.1.

Waliporudi kutoka kuchota maji bombani, walimkuta kobe mgeni yuko chali juani, miguu ikitikisika kwa shida. Kobe mkubwa wa zizi lile alikuwa bado anamsukuma kwa gamba. Walimwinua haraka wakampeleka kivulini. Alikuwa ameficha kichwa, wala hakutaka maji.

"Mrudishe kwake, uandike kibao kama kilivyokuwa," Amri alinong'ona. "Nani atajua?"

Raudha aliishika chaki. "Mjomba asipojua amepatwa na nini, atamtibuje?" alisema, akaiweka chini.

Mjomba Hemedy alirudi adhuhuri.

"Shikamoo, mjomba. Kobe wa zizi la pili ni mgonjwa. Mimi ndiye niliyemhamisha. Tumemkuta chali juani."

Mjomba alimweka kobe kwenye karai lenye maji kidogo, wakangoja. Ilipita saa nzima. Hatimaye kichwa kilichomoza polepole, na kobe akanywa.

Ndipo mjomba alipomwinua. "Pitisha mkono tumboni. Limebonyea, sivyo? Huyu ni dume. Tarakimu ya kwanza ni ya madume, ya pili ni ya majike. Madume wawili hawaelewani penye majike. Wafugaji wa kobe, nyoka na vyura huandika hivyo ili mwenzao aelewe mara moja."

"Na ya tatu?" Raudha aliuliza.

"Hiyo ni ya wale ambao hatujawajua. Hawa watoto sita, hata mimi siwezi kukuambia yupi dume, yupi jike."

Amri alicheka. "Kumbe Raudha aliandika kwamba mmoja hajulikani!"

"Kwake hakujulikana kweli," alisema mjomba. Kisha akamgeukia Raudha. "Umesema ukweli, mama, na ukweli wako umemponya huyu. Lakini ulijua nusu ya jambo, ukatenda kama aliyelijua lote. Sisi wafugaji tumetenga nafasi nzima ya kuandika tusichokijua, wala hatuoni haya. Nawe usione haya kuuliza."