Boya Juu ya Mchanga

Kitendawili! Semeni tega. Haya: ana jino moja, hana mdomo, akiuma chini nyumba yangu juu inatulia.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Palermo. Basi nimekwenda Palermo, nimekula nikashiba, nimelala kitanda cha manyoya, nimerudi. Jibu ni nanga, wajukuu zangu.

Na iko nanga nyingine isiyo na mnyororo wala kamba. Hiyo huuma moyoni, na mwenye nayo huapa kuwa haipo. Ndiyo aliyokuwa nayo Pavlos Razis asubuhi ile ya Oktoba, alipokuwa akiifukuza boti nyeupe nje ya bandari ya Argostoli.

Injini ya Yanmar ya boti yake kuukuu ilikohoa. Akaisukuma zaidi.

Boti nyeupe ilikuwa mbele, tanga limeshiba upepo. Nyuma yake palisomeka jina: Zefiro.

Simu ya siri ikatetemeka mfukoni.

"Pweza, hapa Mnara."

"Pweza hapa. Sema, Mnara."

"Askari wa pwani wamekagua boti zote nne bandarini. Hawakukuta kitu. Wewe unamshuku nani?"

"Leandros Vamvas. Mwenye Zefiro."

"Ushahidi?"

"Macho yangu, mkuu."

Mnara alikuwa Bi Kalliroi, mkuu wa idara ya upelelezi, mwanamke ambaye hata mbwa wa polisi walimwamkia.

"Huyo Leandros si ndiye anayeishi na mkeo?"

"Aliyekuwa mke wangu."

"Razis, nakuuliza mara moja tu. Ni macho, au ni wivu?"

Razis akaitazama Zefiro. Mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani alikuwa ameshika usukani, anacheka.

Akakata simu.



Sasa sikilizeni kilichokuwa kimepotea. Kilikuwa kichwa cha shaba cha binti mdogo, kazi ya mikono iliyokwisha kuwa udongo karne nyingi zilizopita. Kiliibwa katika makumbusho ya kisiwa kimoja, na mlinzi akapasuliwa fuvu. Mzee wa watu alikuwa bado hospitalini, hamtambui hata mwanawe. Idara ilikuwa imenasa neno moja tu: binti atasafiri na watu wa majira ya baridi.

Watu wa majira ya baridi ni wale wenye boti zao. Mvua za vuli zikianza kubisha hodi, hukunja maturubai ya kujikinga jua, hukusanya zeituni na mablanketi, wakashuka Sisilia kulala kwenye joto hadi Machi. Kwanza hutia nanga usiku mmoja katika ghuba ya Ayia Fotini kungoja upepo mzuri. Alfajiri huvuka.

Binti akivuka, ndio kwaheri.

Jua lilipoelekea kuzama boti nne zilikuwa zimetulia ghubani. Zefiro. Marouso, boti kuukuu ya Razis iliyokodiwa na idara. Boti ya wazee wawili Waslovenia waliokuwa wakigombana tangu Argostoli. Na Alkyoni, kubwa kuliko zote, mali ya daktari wa meno mstaafu, Fokion, mzee mnene mwenye kicheko cha pipa.

Kwa desturi, jioni ya mwisho kabla ya kuvuka watu hula pamoja kwenye boti kubwa. Kila mtu huja na kilichobaki katika friji yake.

Razis alijibandika masharubu. Akavaa saa ya Seiko iliyofichwa kamera. Bastola ya Glock akaificha chini ya bakuli la dagaa wa kukaanga. Alipopita na kiboti chake cha mpira ubavuni mwa Zefiro, akabandika chini yake kidude kidogo kama kifungo cha koti. Zefiro ikisogea, kifungo kingelia sikioni mwake.

Kazi safi. Kwenye boti isiyo yenyewe.

"Karibu, jirani, karibu!" Fokion alimvuta juu kwa mkono. "Jina lako?"

"Manolis."

"Manolis, kaa. Kula. Meno yako mazuri, usiyaonee aibu."

Evanthia, yule wa kitambaa chekundu, aliyekuwa mkewe, alikuwa amekaa kando ya mlingoti. Alimtazama mgeni, akatazama masharubu, akatazama dagaa. Alingoja wengine wazozane kuhusu chumvi, kisha akamsogelea.

"Hayo masharubu umeyaazima kwa paka gani?"

"Nyamaza, Evanthia. Niko kazini."

"Lini hukuwa kazini? Siku ya harusi yetu ulikuwa kazini."

"Huyo mtu wako unamjua vizuri?"

"Najua anarudi nyumbani jioni. Kwangu hiyo ni habari mpya."

Razis akameza dagaa mzima na mwiba wake. Maana ndoto hii ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemwambia Evanthia, zamani, katika chumba chao chenye unyevu kule Pirea, kwamba siku moja watanunua boti, watalala vuli kwenye ghuba na baridi watakula machungwa Sisilia. Alisema. Leandros akanunua.

Na Leandros alikuwa amevaa sweta. Sweta la sufu ya bluu, la kufuma kwa mkono, kola imepinda kidogo upande mmoja. Razis aliijua mikono inayopinda kola namna hiyo. Katika ndoa yao yote yeye hakufumiwa hata soksi.

"Daktari!" Leandros aliita, kinywa kimejaa jibini. "Kweli umezeeka. Umeifungia nanga yako boya!"

Watu wakacheka. Hata Waslovenia wakaacha kugombana.

"Boya la nanga ni la kwenye miamba, mzee wangu," Leandros aliendelea. "Nanga ikinaswa, unaivuta kwa kamba ya boya. Hapa chini ni mchanga mtupu, laini kama unga. Mchanga unamnasa nani?"

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Fokion alisema, akicheka kuliko wote. "Mwaka jana nanga yangu ilinaswa kwingine. Mjazie huyu mvinyo, anyamaze."

Kila aliyekuwa pale alisikia maneno hayo. Aliyelipwa mshahara ili asikie hakusikia. Razis alikuwa anatazama mkono wa Leandros uliotua begani kwa Evanthia, na jinsi bega lilivyousogelea.

Alfajiri, kifungo kikalia.

Razis aliruka kutoka kitandani amevaa suruali tu. Zefiro ilikuwa imeng'oa nanga, inateleza kuelekea mdomo wa ghuba bila kelele. Mtu mwema huondoka bila kuaga? Akawasha Yamaha ya kiboti, akapasua maji.

"Zefiro! Simama!"

Aliparamia nyuma ya boti, Glock mkononi.

Leandros alikuwa ameshika birika.

"Manolis? Vipi, dagaa walikuwa wabichi?"

Evanthia alichomoza kichwa kutoka chini. "Pavlos! Shusha hilo dude, utamwaga kahawa."

"Pavlos?" Leandros aligeuka. "Si alisema Manolis?"

"Huyu ndiye, mpenzi. Yule niliyekwambia anaweza kununa kutoka Pasaka hadi Noeli."

"Aaa." Leandros alimtazama juu hadi chini. "Nilidhani mrefu zaidi."

"Mbona mnatoroka alfajiri?" Razis alifoka.

"Tunatoroka? Tunawahi upepo! Kila mtu anawahi upepo."

Razis alipekua. Alifungua sakafu, makabati, tangi la maji. Alikuta chupa za jemu ya tini, magunia ya vitunguu, ramani, viatu vya mvua. Akakuta mito miwili kichwani pa kitanda kimoja, imetariziwa herufi mbili za majina yao.

Hakuna binti. Mito tu.

Ile mito ilimchoma kuliko risasi.

Alipopanda juu, Evanthia alikuwa anamngoja, mikono kiunoni.

"Umepata ulichotafuta?"

Razis alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, mlio ukaja juu ya maji.

Winchi, mashine ya kuvutia nanga.

Aliinua darubini yake ya Zeiss iliyoning'inia shingoni. Kule ghubani Alkyoni ilikuwa inaondoka. Nanga yake ilikuwa imeshapanda, inaning'inia mbele ya boti, inachuruzika maji. Lakini nyuma ya boti winchi ya pili ilikuwa bado inazunguka, inavuta kamba. Kwenye kamba hiyo lilining'inia boya la manjano.

"Nanga imeshatoka," Razis alisema polepole. "Sasa anavuta nini?"

"Si nilimwambia jana?" Leandros alisema. "Boya juu ya mchanga! Mbele ya watu wote!"

Razis akaelewa yote kwa mkupuo. Bandarini Alkyoni ilikaguliwa ikiwa tupu kweli. Binti alitangulia. Mtu alimtumbukiza ghubani mapema, boya likionyesha alipo, na Fokion alikuja kumkalia kama kuku anavyokalia yai.

Akarukia kiboti chake. Akavuta kamba ya injini. Yamaha ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa.

"Ingia changu," Leandros alisema. Tayari alikuwa anafungua kamba.

Kati ya watu wote duniani.

Razis akaingia.

"Wewe!" Evanthia alimwita Razis kutoka juu. Sasa hakuwa anacheka. "Unirudishie mtu wangu mzima."

Mtu wangu. Razis alilibeba neno hilo kifuani njia nzima.

Fokion aliwaona wakija. Kicheko cha pipa kilikuwa kimekauka. Nyuma ya boti yake furushi zito lilikuwa limetoka majini nusu, ndani ya wavu.

"Rudini, watoto!" alipaza sauti. "Bahari pana, kila mtu na njia yake!"

"Zima injini, daktari!"

Mzee akainua bastola ya fataki za dharura. Mdomo wake mweusi ulimwelekea mshika usukani.

Leandros hakuona. Alikuwa anatazama mawimbi.

Razis aliona. Na nusu ya pumzi, nusu tu, ilipita bila yeye kufanya lolote. Nusu pumzi ina nafasi ya mambo mengi, wajukuu zangu. Ilikuwa na mito miwili na machungwa ya Sisilia.

Kisha akamrukia Leandros, akambwaga chini.

Moto mwekundu ulipita ukilia, ukalamba mkono wa sweta, ukazimikia baharini.

"Sweta langu!"

"Usukani, bwana! Shika usukani!"

Fokion alifungulia mafuta. Alkyoni ikaruka mbele, furushi likabamiza ubavu wake, na kamba ya boya ikaburutika nyuma juu ya maji kama mkia wa ng'ombe. Angeikata kamba, angeokoa boti na kumwacha binti. Lakini roho ya tamaa haijui kukata.

"Sogea karibu," Razis alisema. "Karibu zaidi."

"Tutagongwa!"

"Sogea!"

Leandros akasogea. Razis aliinama hadi uso ukalowa, akaudaka mkia ule, akaurusha chini ya tumbo la Alkyoni. Propela iliimeza kamba. Ikameza zaidi. Ikasongwa.

Injini ikanyamaza.

Ghuba nzima ikanyamaza.

Razis alipanda kwa mkono mmoja, Glock kwa mkono wa pili. Fokion alikuwa anahangaika kutia fataki nyingine.

"Weka chini, daktari," Razis alisema. "Leo ni zamu yako kufungua mdomo."

Leandros ndiye aliyekata wavu. Binti akatoka, kijani kwa uzee, mchanga umemjaa kopeni kama aliyelia akalala. Leandros akavua kitambaa chake cha shingo, akampangusa macho.

Razis alimtazama akifanya hivyo. Ilimuudhi sana kwamba mtu yule alikuwa mwema.

Askari wa pwani walifika jua likiwa limechomoza. Walimchukua Fokion na pingu zake. Walimchukua binti katika blanketi la Waslovenia, ambao walikuwa wanagombania nani kati yao alimshuku daktari kwanza.

"Evanthia ataniua," Leandros alisema, akitazama mkono wa sweta ulioungua. "Alilifuma majira yote ya kiangazi."

"Atafuma lingine," Razis alisema. "Kwako atafuma."

Alibandua masharubu, akayatupia samaki. Akarudi Marouso, hakugeuka nyuma.

Alikuwa ameanza kuvuta mnyororo simu ilipotetemeka.

"Pweza, hapa Mnara. Mlinzi wa makumbusho ameambiwa binti amepatikana. Amelia. Amemtambua mwanawe."

"Vizuri, mkuu."

"Umefanya kazi nzuri. Lakini jana uliniapia kuwa ni Leandros, na leo umenikamatia mwingine. Nilikuuliza swali, Razis. Simu ikakatika."

Zefiro ilikuwa inatoka mdomoni mwa ghuba, pua yake imeelekea Sisilia. Watu wawili, blanketi moja. Kitambaa chekundu kiligeuka, mkono ukapunga mara moja, ukashuka.

Razis aliendelea kuvuta. Pingili baada ya pingili, mnyororo ulipanda ukidondosha mchanga mweupe, mpaka nanga ikatoka majini, nyepesi kuliko alivyotegemea.

"Razis? Upo?"

"Nipo, mkuu," alisema. "Ulikuwa wivu."