Mlima Uliokatwa kwa Mstari Mmoja

Diski iliibiwa Katangi, mbali kabisa na maji ya chumvi.

"Kwa hivyo umeibiwa bahari," alisema Inspekta Munyiva. "Huku kwetu hata maji ya kunywa tunabeba kwa punda."

Kalondu hakucheka. Siku arobaini alikuwa melini, akituma sauti chini na kusubiri mwangwi, apate kuchora sakafu ya bahari.

"Hakuna nakala?"

"Kompyuta ya meli iliungua. Ilibaki hiyo diski tu. Jumatatu naikabidhi Mombasa, nipewe ukuu wa wachora ramani. Bila diski, hakuna cheo."

Pale ilipokuwa diski paliachwa barua: "Bahari si ya wanawake. Kaa nyumbani au nitakuzika." Inspekta aliifungia kwenye bahasha ya vielelezo kabla Kalondu hajaitia machoni.

Kaka yake, Musili, mkulima wa ndengu, alikuwa tayari amefungwa pingu. Juzi, mbele ya jamaa wote, alifoka maneno hayo hayo.

"Nilisema, ndiyo!" alinguruma. "Mwaitu, mama yetu, ni mgonjwa, na bintiye anaenda kuhesabu mawe ya samaki! Lakini kuiba? Mimi?"

"Mwongo," alisema Mulwa, mwenzake Kalondu wa melini, aliyekuwa mgeni hapo nyumbani. Ndiye aliyeiona barua kwanza. "Afande, mfungie. Niko na gari linaningoja."

"Litangoja. Mimi nilingoja nyota hizi za begani miaka kumi na tatu na sikufa. Andikeni maelezo yenu. Dakika tano! Haraka!"

Wakaandika, yeye akiwagongea meza. Musili alikosea neno, akalikwaruza mpaka karatasi ikatoboka. Mulwa pia alikosea.

Inspekta alizichukua karatasi, akamfuata Kalondu nje na ile bahasha.

"Tazama barua. Nani hukata neno hivi?"

Neno moja lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu, bado linasomeka. Pembeni palikuwa na tarakimu ndogo: 07:10.

Uso wa Kalondu ulibadilika. "Sisi. Melini kufuta ni marufuku. Kosa unalikata mstari mmoja, unaandika saa."

"Saa ya wapi?"

"Saa ya dunia. Iko nyuma ya yetu masaa matatu."

Inspekta alifunua maelezo ya Mulwa. Mstari mmoja mnyoofu. Pembeni: 08:25. Walipokuwa wakiandika, saa ya ukutani ilionyesha 11:25.

Akarudi ndani, akaweka karatasi mbili mbele ya Mulwa.

"Mkulima wa ndengu ameanza lini kuandika saa za meli?"

Mulwa alitazama mkono wake kana kwamba umemsaliti.

"Diski iko wapi?"

"Kwenye gunia la ndengu."

"Asi!" Musili aliruka. "Ndengu alizokupa mwaitu kwa mkono wake? Nyoka wewe!"

"Kaa chini, Musili. Kwa nini, Mulwa?"

"Kazi hii nilimfundisha mimi!" Mulwa alifoka. "Mwaka juzi niliripoti mlima chini ya bahari. Wakaniahidi utapewa jina la mamangu, Syokau. Nilimwambia akiwa kitandani. Alikufa akitabasamu. Kisha huyu akapita palepale. Hakuna mlima!"

"Hukupima kasi ya sauti majini," alisema Kalondu. "Ramani ikapinda, tambarare ikaonekana mlima."

"Nilisahau siku moja! Ungenyamaza!"

"Na meli zitakazoiamini ramani, nazo zinyamaze?"

Pingu zilihama mikono. Musili alijikanda viganja, akamkazia dada yake macho. "Chukua diski yako uende. Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika," alisema Kalondu. "Nitapiga simu nyumbani hata hivyo."

Inspekta alimsukumia Mulwa karatasi safi. "Andika yote. Taratibu sasa."

Mulwa aliandika kwa mkono uliobanwa na pingu. Alipofika kwenye "Mlima Syokau", kalamu ilisimama. Akayakata maneno kwa mstari mmoja mnyoofu, yakibaki yanasomeka.

Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Safari hii aliandika saa ya Katangi.