Wavu wa Stoo ya Nakivubo

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Katembo mwaka 1974, na mpaka leo hapendi kulisimulia. Alikuwa msaidizi wa Hippolyte, mtafiti wa maporomoko ya ardhi aliyekuwa akijaribu nyavu za chuma za kuzuia mawe na matope milimani Ruwenzori. Wanajeshi walimchukua Hippolyte barabarani, na wiki tatu zikapita bila habari.

Mke wa Hippolyte, Mbambu, akamwambia Katembo, "Shemeji, nenda stoo yake ya Nakivubo mjini uniletee daftari lake. Ameandika humo ni kijiji gani kitakachofunikwa na matope mvua hizi."

Akaenda mchana. Stoo haikuwa na dirisha, na umeme ulikuwa umekatwa. Alipokuwa akipapasa rafu gizani, alisikia changarawe zikiteremka, kisha mawe, kisha mtu akihema karibu naye kabisa.

"Bwana Hippolyte?"

Akawasha kiberiti. Daftari lilikuwa rafuni, limelowa chapachapa, wino wote umeyeyuka. Kando ya rafu, wavu wa majaribio uliopigiliwa ukutani ulikuwa umevimba kumwelekea, kama uliolemewa na mzigo, ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Alama za vidole vinane, za matope mabichi, zilikuwa zimezunguka waya kutoka upande wa ukutani, kama za mtu aliyeushika wavu kwa mikono miwili.