Fimbo ya Kumpimia Kapita Kiwanja

Kila asubuhi Albertine alisali, akawasha moto, akafagia kiwanja, kisha akamtafuta Kapita. Kapita alikuwa kobe. Mama mkwe wa Albertine ndiye aliyempa jina hilo. "Anazunguka mashamba ya watu," alikuwa akisema, "anatazama kila kitu, na mukono haweki. Si ndiyo kapita, musimamizi wa kazi?"

Mama mkwe alikufa mwaka uliopita, hapo Kasongo. Gaston, mume wa Albertine, alikuwa mbali, Kindu, kwenye kazi ya meli. Hakuwahi maziko ya mama yake. Aliandika barua: "Nitafika Pasaka. Unitunzie Kapita. Ni yeye ambaye mama alimulea akaniachia." Albertine aliiweka barua ndani ya kitabu chake cha sala.

Kwaresima ilipofika katikati, Kapita aliingia bustani ya jirani akamaliza lengalenga changa. Jirani huyo ni mama Subira, Mwislamu, mtu mzima aliyezaliwa Nyangwe. Hakugombana. Alikuja na shina moja tupu mkononi.

"Binti yangu, kapita wako amekagua mboga yangu yote. Umufunge."

Albertine aliona haya. Siku ile ile alichukua matofali yaliyobaki ya jikoni, akajenga kijumba. Kapita alienea mle ndani kama mkate kwenye sahani yake. Hata kugeuka ilikuwa taabu. Albertine aliridhika. Aliwaza: kobe nyumba yake iko mgongoni, paa anabeba, kuta anabeba. Kiwanja ni cha nini?

Siku ya kwanza alimsikia akikwaruza tofali. Siku ya pili pia. Siku ya tatu Kapita hakukwaruza tena. Papai lilikuwa mbele yake na hakuligusa. Pua yake ilikuwa imechubuka, nyekundu.

Zilibaki wiki mbili kufika Pasaka. Albertine alichuchumaa pale, mikono magotini. Gaston atakuja. Atauliza. Nitamwonyesha gamba tupu?

Alimasi, fundi wa baiskeli, alipita njiani akachungulia. "Mumutoboe gamba pembeni, mufunge kamba kama mbuzi," alisema. "Atakula majani mwenyewe."

"Wewe Alimasi, nikutoboe sikio nikufunge kwenye baiskeli yako?" Sauti ilitoka nyuma yake. Mama Subira alikuwa amekuja kuomba kaa la moto. "Gamba ni mufupa. Linauma. Nenda zako."

Alimasi alicheka akaenda. Subira aliinama juu ya kijumba, akaitazama pua ya Kapita.

"Binti yangu, nilisema umufunge. Sikusema umuzike."

"Mama, si nyumba yake iko mugongoni?"

"Iko. Hiyo ni ya kulala. Wewe nyumba unayo, na bado unaenda misa, unaenda mutoni, unaenda shamba. Mungu alimupa nyumba, miguu pia alimupa."

Kule Nyangwe, bibi yake Subira alifuga kobe uani miaka mingi. Subira alivunja kijiti, akakipima juu ya mgongo wa Kapita, toka shingoni mpaka mkiani. Akakata kilichozidi.

"Hii ndiyo fimbo yake. Kila kobe na fimbo yake. Uigeuze chini mara kumi, huo ndio urefu wa kiwanja. Mara tano, huo ndio upana. Chini ya hapo ni sanduku. Ukiweza kuzidisha, uzidishe. Na akikua, unakata fimbo mupya."

Albertine aliigeuza fimbo nyuma ya jikoni, akihesabu. Kwenye sita alisimama. Mbele yake yalikuwa matuta mawili ya viazi vitamu.

"Mama, hapa ni chakula ya watoto."

"Nani amekuambia ung'oe? Zungushia ua, matuta yabaki ndani. Majani atakula, na chini yake atapata kivuli. Viazi vyenyewe utachimba."

Walifanya kazi siku mbili. Miti waliisimamisha karibu karibu, maana kobe akiona nje kwenye nafasi, atasukuma hapo mpaka pua iumie. Juu ua ulifika fimbo mbili, ili asipande. Chini waliuchimbia shibiri nzima, ili asipite. Ndani, upande mmoja waliuacha bila kivuli, apate jua. Mwishoni Albertine aliweka sahani pana ya maji, ya kina kidogo, aweze kuingia na kutoka.

Siku hiyo Kapita hakula. Kesho yake, baada ya mvua, uyoga uliota kati ya matuta. Albertine alitoka misa akaona uyoga mmoja umebaki nusu. Alifanya ishara ya msalaba, kisha akaenda kumwita Subira aje aone.

Jumamosi ya Pasaka Gaston alifika na sanduku lake kichwani. Hakuketi. Alienda nyuma ya jikoni, akaona kijumba cha matofali. Ndani kuku alikuwa amelalia mayai.

"Kapita yuko wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ingia kule kwenye viazi," Albertine alisema. "Umutafute."

Gaston aliuvuka ua na viatu vyake vya Kindu. Alitazama upande huu, akatazama ule. Kisha jani moja likatikisika, na Kapita akatoka polepole, pua imepona, mdomo wa kijani. Gaston alipiga magoti kwenye matope, akaweka kiganja juu ya gamba. Alikaa hivyo muda mrefu.

Ng'ambo ya ua mama Subira alikuwa akimwagilia lengalenga mpya.

"Karibu, baba," alisema. "Muambie huyo kapita, safari hii mboga nitamuletea mwenyewe."